Chupa ya Uji ya Mama Shibe

Kuna watu wanaochukia kwa maneno na kuna wanaochukia kwa kununa. Mama Shibe alichukia kwa kupakua. Ukimuudhi anakujazia sahani mpaka ikutishe, halafu anavuta kigoda, anakaa mbele yako akikutazama unavyohangaika nayo. Ukibakisha hata tonge moja, umejitafutia adui wa kudumu.

Nilimfahamu hospitalini, wodi ya wanaume, nilipolazwa kwa ngiri. Ngiri yangu siisimulii, haina la maana, ila ndiyo iliyonilaza kitanda cha pili kutoka kwa mdogo wake. Mengine ya maisha yake niliyasikia baadaye kibandani kwake nikinywa chai, na mengine niliyapata kwa watu wasiompenda, ambao kwa kawaida ndio wenye kumbukumbu nzuri.

Alikuwa kifungua mimba. Mama yao alifariki mapema, baba akaenda kutafuta kazi na barabara ikamla, akabaki yeye na mdogo wake wa kiume mgongoni. Alipata kibarua cha kuosha masufuria kwenye jiko la wajenzi, na ujira wake ulikuwa ukoko. Wa juu, ulio laini, alimpa mtoto. Ule mweusi wa chini aliutafuna mwenyewe, na mpaka leo anapocheka unaona meno ya pembeni yalivyolika. Alipopata cha kwake alijenga kibanda cha chakula mbele ya karakana ya kuchomea vyuma, mdogo wake akajifunza kazi hapo hapo ng'ambo, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyetoka pale na nafasi tumboni. Jina la Mama Shibe walimpa mafundi. La kwake alilopewa na wazazi sikuwahi kulisikia likitajwa.

Basi mdogo wake akaoa. Alimuoa msusi, binti mpole mwenye vidole virefu, na bibi harusi akaja kumwamkia wifi yake mkubwa. Akapakuliwa. Alikula nusu, akashukuru, akachukua sahani nyingine akaifunika ile iliyobaki, kwa adabu, kama alivyofundishwa kwao.

"Amekifunika chakula changu kama anafunika maiti," Mama Shibe aliwaambia mafundi kesho yake.

Miaka ikapita, watoto wakazaliwa, na sahani ile haijafunuliwa.

Ugonjwa wa fundi ulianza kooni. Nyama ikakwama, halafu mkate, mwisho hata uji ukawa unashuka kidogo na kurudi wote. Alificha, kama wanaume wengi wanavyoficha, akawa anasema ana mafua. Dada yake aliona ovaroli linavyompwaya mabegani akajua la kusema.

"Wifi, unampikia nini huyu? Moshi?"

"Hakipiti, wifi. Kila kitu anatapika."

"Anatapika cha nani? Cha kwako?"

Walipomfikisha hospitalini alikuwa mifupa na macho. Madaktari walikuta njia ya chakula imefanya kovu na kujibana, wakampitisha mpira wa kuipanua, ikapanuka vizuri. Alipoamka akameza mate, akameza maji, akaomba chakula. Mama Shibe, aliyekuwa amesimama miguuni mwa kitanda, alifunga khanga yake upya, kama mtu aliyesikia zamu yake ikiitwa. Ndipo akaingia Bi Kijiko.

Huyu alikuwa mtaalamu wa lishe wa wodi. Jina walimpa wagonjwa. Mwanamke mwembamba, viatu vya raba, shingoni utepe wa kupimia mikono ya watu, nyuma anavuta mizani yenye gurudumu moja linalolia. Wasukuma mkokoteni wa chakula hawakumpenda kwa sababu alikuwa anawanyang'anya sahani kutoka kitanda hiki na kuipeleka kile. Manesi walimwita mpelelezi. Mimi alinipima mkono siku niliyoingia, akaniuliza suruali yangu ilianza kulegea lini, swali ambalo daktari wangu hakuwa nalo. Fundi alimpima kwa muda mrefu zaidi. Akaagiza achomwe sindano ya vitamini kwanza, kabla ya chakula chochote, kisha akaleta maziwa maalumu kwenye kikombe chenye mistari, yakiwa hayajafika hata nusu.

Mama Shibe alikichukua kikombe akakielekeza dirishani.

"Hiki ni nini?"

"Maziwa yake ya asubuhi, mama."

"Ya paka?"

Mgonjwa wa dirishani akacheka, akashika tumbo lake lenye nyuzi, akajuta.

"Ya mdogo wako. Baadaye atapata mengine kidogo. Kesho nitaongeza."

"Mtu hajala tangu mvua zianze. Mmemfungua koo, anameza, halafu mnampa tone. Mnauguza hapa au mnalea kitoto cha mbuzi?"

Bi Kijiko hakuwa mtu wa kubembeleza. Alirudisha kikombe mezani, akakigeuza mistari imtazame yeye.

"Kwa kuwa hajala tangu mvua zianze, ndiyo maana tunampa tone. Mtu mwenye njaa na mtu aliyekaa na njaa si mmoja. Huyu mwili wake umejila. Umekula mafuta, ukala nyama ya mapaja. Kwenye damu kuna chumvi, si hii ya jikoni kwako, ni nyingine, ndizo zinazosaidia moyo kupiga na kifua kuvuta pumzi. Kwake zimebaki chache sana. Ukimshushia chakula kingi kwa mpigo, mwili unazinyakua zote kukihangaikia kile chakula, na moyo unaachwa mikono mitupu. Mtu anakufa ameshiba."

"Kwangu hajafa mtu kwa kushiba."

"Kwako wanakuja waliokula jana."

Mimi nilijifanya natafuta ndara zangu.

"Na maneno haya umeyaokota wapi?" Mama Shibe akauliza.

"Hilo la kulisha pole pole ni la zamani, lilionekana kwa watu waliotoka kwenye njaa ya vita. Lakini siku hizi wamechunguza zaidi. Wamewagawa wagonjwa mafungu mawili. Fungu moja wakala chakula cha hospitali kama kawaida. La pili, kila mgonjwa akapimwa mapema na kupangiwa chakula chake mwenyewe. Fungu la pili walikufa wachache. Hawakupewa dawa mpya, mama. Chakula tu, kilichopangwa."

"Na hao waliochunguza walikuwa wameshiba?"

"Sijui."

"Walikuwa wameshiba. Mwenye njaa hapimi."

Msusi, aliyekuwa anamkanda mumewe miguu, akasema kwa sauti ndogo, "Wifi, tumwache afanye kazi yake."

"Wewe nyamaza. Mmekutana wewe na huyu, chungu na mfuniko wake. Wote hodari wa kufunika chakula."

Fundi mwenyewe alikinywa kikombe chake, akalamba ukingo, akamtazama dada yake kwa macho ambayo, kama ningetazamwa nayo mimi, huenda hata mimi ningekwenda kuwasha jiko.

Mchana, saa ya kuona wagonjwa, nilikuwa natoka kutembea kwenye ukumbi mrefu. Daktari aliniamuru nitembee, na pia sikuwa na wa kunitembelea. Kulala macho katikati ya jamaa za watu kunachosha kuliko kutembea. Kwa hiyo yaliyofanyika mchana sikuyaona. Msusi naye saa hiyo huwa ana vichwa vya kusuka, Bi Kijiko yuko wodi ya watoto. Mama Shibe alikuwa anaingia na chupa kubwa ya uji, ile ya kuwapelekea wajenzi wengi kwa pamoja, ameifunga kwenye khanga. Mlinzi wa mlangoni alikuwa mla-bure wake wa siku nyingi. Hakuuliza.

"Kunywa, mwanangu," alimwambia, maana alimlea, hakuwahi kumwita vingine wakiwa wawili. "Kunywa kabla kale kamwembamba hakajarudi."

Fundi alikunywa huku machozi yanamtoka. Kesho yake tena. Na iliyofuata tena.

Asubuhi moja Bi Kijiko alifika na kikombe chake, fundi akashindwa kukishika. Kiliteleza tu vidoleni. Miguu ilikuwa imevimba, inang'aa. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda ngazi, na alipoulizwa yuko wapi alisema yuko karakanani, akataka apewe miwani ya kuchomea. Msusi, aliyekuwa amewahi saluni siku hiyo, aliitwa akaja na kitana kimebaki nyweleni mwake. Mama Shibe aliingia nyuma yake, kifurushi chake kwapani. Daktari wa zamu, kijana mwenye haraka, alimsikiliza kifua, akamminya miguu, akageuka.

"Amekwisha nguvu huyu. Bi Kijiko, umembana mno na vikombe vyako. Nesi, lete dripu ya sukari. Na chakula aongezewe mara mbili kuanzia sasa."

"Ukimwekea sukari sasa hivi unammaliza," akasema Bi Kijiko.

"Anakufa njaa."

"Vikombe vyangu havivimbishi mtu miguu namna hii. Kuna mtu anamlisha, na kwa wingi. Subiri majibu ya damu."

"Maabara wana foleni mpaka mchana. Mtu anahema hivi, wewe unaniambia nisubiri foleni? Kama hakuna aliyemlisha, basi ni njaa, na njaa naitibu. Kuna aliyemlisha?"

Bi Kijiko akawageukia ndugu. Macho yake yakamwangukia msusi, kwa kuwa ndiye anayemwogesha mgonjwa na kukaa naye asubuhi.

"Umempa nini?"

"Sijampa kitu."

"Mama, sina nia ya kukugombeza. Nataka kujua tu. Umempa nini?"

"Nimesema sijampa."

Mama Shibe aliyaona yale macho yametua wapi, akayaacha yakae hapo hapo. Aliniambia baadaye, bila haya, kwamba hakuwa anaogopa lawama. Alimwamini daktari. Kijana aliyesoma amesema ni njaa, sukari inaletwa, mdogo wake atapona. Akifungua mdomo, watamnyima sukari, watamfukuza na yeye, na atabaki na yule mfunika sahani peke yake.

"Daktari ameshasema," alisema. "Njaa. Nimeimba tangu siku ya kwanza. Wekeni hiyo dripu."

Nesi alikuwa amefika nayo. Akaitundika. Akaanza kuutafuta mshipa kwenye ule mkono mkavu.

Msusi alikuwa haangalii dripu. Alikuwa anaangalia kile kifurushi cha khanga chini ya kwapa la wifi yake, jinsi kilivyokuwa kizito. Halafu akafuta mikono yake kwenye gauni, akasema taratibu, kwa sauti ile wanayotumia wasusi kumwambia mteja kwamba kichwa chake kina mba:

"Jamani, wifi msimdhanie vibaya. Hata angemletea uji ungemfanya nini mtu? Uji wa pale kibandani ni maji yaliyoonyeshwa unga."

Mama Shibe akageuza shingo.

"Unasemaje?"

"Sisemi kwa ubaya, wifi. Mafundi wanaunywa kwa sababu uko karibu. Hata mume wangu aliniambia, anaunywa tu ili dada asinune. Anasema mtu anaweza kunawia."

"Alisema hivyo?"

"Na maziwa anasema yanapita mbali, yanapunga mkono. Kwa hiyo, daktari, muwekee tu. Kama ni uji wa wifi, mtu anaweza kunywa chupa nzima akabaki anafunga."

Niliona shingo ya Mama Shibe ikijaa. Alikitua kifurushi kitandani, juu ya miguu ya mgonjwa, akakifungua, akafungua chupa. Harufu ikatapakaa wodi nzima. Mgonjwa wa dirishani akajiinua kwa kiwiko.

"Uji wangu unasimamisha kijiko," alisema. "Njoo uone, mwana wa watu, njoo, lete pua yako. Maziwa yenyewe, hayajachanganywa hata na jasho. Karanga nimesaga kwa mkono wangu. Siagi. Sukari mpaka kijiko kinanata. Kunawia? Muulize huyo hapo. Juzi alikunywa chupa hii mpaka akaikomba kwa kidole. Jana vivyo hivyo. Maji yaliyoonyeshwa unga yanakombwa kwa..."

Hakumaliza. Nesi alikuwa ameshauacha ule mkono.

"Hiyo dripu rudisha," akasema Bi Kijiko. Hakupandisha sauti, wala hakumtazama yeyote kwa ushindi. "Daktari, vitamini tena, sasa hivi. Chumvi za damu aanze kuwekewa, pole pole, na afungwe mashine ya moyo. Chakula nitakipunguza, sitakikata."

Kijana alimtazama, akaitazama chupa, akatazama ile miguu. "Fanyeni," akasema, akaenda maabara kwa miguu yake kuifupisha foleni. Msamaha hakuomba, na wala sikumsikia akiuomba baadaye. Majibu yalipokuja yalisema kama Bi Kijiko alivyosema, zile chumvi zilikuwa zimeshuka mpaka karibu na sakafu.

Mama Shibe alisimama na mfuniko wa chupa mkononi.

"Nyoka wewe," alimwambia wifi yake.

"Sawa, nyoka. Sogea, unakanyaga mpira wa dawa ya mume wangu."

Fundi alikaa siku kadhaa kati ya huku na kule. Moyo uliruka-ruka, mashine ikawa inalia, sisi majirani tukawa hatulali ila tunasinzia kwa zamu bila kupangana. Halafu pumzi ikatulia. Miguu ikanywea. Asubuhi moja alimuuliza nesi habari za miwani yake ya kuchomea, akacheka mwenyewe, akajua yuko wapi.

Sasa ugomvi ukawa kwamba nani amlishe. Msusi alitaka wifi yake apigwe marufuku hadi langoni. Mlinzi alishaagizwa anuse kila kifurushi, kazi aliyoifanya kwa uchungu, maana ilimkatia kifungua kinywa chake. Lakini Bi Kijiko alimwita Mama Shibe, akamkalisha kando ya kitanda, akampa kile kikombe chenye mistari na kijiko.

"Wewe utakuwa unamlisha."

"Mikono hiyo?" akasema msusi.

"Asipomlisha mbele yangu atamlisha nikigeuka." Kisha kwa Mama Shibe: "Mpaka mstari huu. Ukimwaga umemnyima, ukizidisha umemuua. Nitakuwa nakutazama."

"Kutazama ndiyo kazi uliyosomea?"

"Hiyo mojawapo."

Alimlisha. Alikuwa anasonya kila baada ya kijiko. Mstari ukiongezwa, hata kwa unene wa ukucha, alikuwa anautangaza wodi nzima kwa kejeli: "Haya, leo tumepandishwa cheo." Bi Kijiko anaandika, anaondoka, gurudumu lake linalia. Hawakuwahi kusalimiana vizuri, hata siku tuliyotoka.

Nilipopona nikawa napita kibandani kwake, kwa sababu miguu yangu haitulii na chai yake ni nzuri. Fundi alirudi kazini polepole, kwanza kwa vipande vidogo, baadaye mageti. Anakula kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, kama alivyoelekezwa, na dada yake analitazama lile tonge dogo kama mtu anayetazama tusi. Siku moja nikiwepo alimkalia mbele na kigoda chake.

"Hebu niambie. Ulisema uji wangu ni wa kunawia?"

"Sikusema, dada."

"Kwa hiyo mke wako mwongo."

"Siku ile alikuwa mwongo."

"Siku ile tu?"

Fundi alitafuna muda mrefu kuliko tonge lilivyohitaji. Msusi hajakanyaga kibandani mpaka leo, na chakula cha sikukuu wanapelekeana kupitia watoto, kila upande ukihesabu kilichorudi.

Lakini hili nataka niliseme kwa kuwa nililiona. Alikuja mwanamume mmoja na jagi la plastiki, mtu wa heshima, amevaa shati la kazini. Alitaka uji, ule mzito. Baba yake alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, hali kitu, na leo ameamka anataka kula.

Mama Shibe alikuwa ameshalishika jagi. Akalitua.

"Hali tangu lini?"

"Muda, mama. Wiki nyingi. Alikuwa anaramba tu."

"Suruali zinamvuka?"

"Mama, mimi nimekuja kununua uji."

"Nimekuuliza zinamvuka?"

"Zinamvuka."

"Sikuuzii."

Yule bwana alidhani ni mzaha. Akatazama sufuria, limejaa linatokota, akatutazama sisi wateja. "Unaninyima uji kwa sababu baba yangu mgonjwa?"

"Mpeleke hospitali. Uliza wodini, kuna mwanamke mmoja mwembamba kama sindano, ana mizani inalia. Ana roho ngumu yule, hana salamu, sura imekauka. Mwambie ampime kwanza. Akikupa kikombe cha paka, usimtukane, nimeshamtukana mimi inatosha."

"Mimi siendi kupanga foleni kwa ajili ya uji," akasema yule bwana. Akachukua jagi lake, akavuka barabara kwenda kibanda cha ng'ambo, kule wanakouza uji ambao Mama Shibe, kwa miaka yote, hakuwahi kukubali kwamba ni uji.

Mama Shibe alibaki na upawa hewani. Kisha akauweka chini, akatoka na aproni yake, bila kuangalia magari wala kusubiri honi zao, mpaka kule ng'ambo. Tulimsikia vizuri, karakana nzima ilizima mashine.

"Wewe," alimwambia mwenye kibanda, "maji yako haya huyu usimuuzie. Ukimuuzia, na mimi nitahamia hapa mbele yako kila asubuhi nikae na kigoda."

"Mama Shibe, mteja ni wangu."

"Baba yake je, ni wako?"

Wakabishana pale, Mama Shibe akiwa ameziba jagi kwa kiganja chake, yule bwana katikati anawatazama mmoja mmoja. Mwisho alilivuta jagi lake, akamwambia ana wazimu, akashika njia ya upande wa hospitali. Mama Shibe alisimama ukingoni mwa barabara akamtazama mpaka alipopita kona, kwa sababu hakumwamini.